Mizani ya Korosho na Mizani ya Protoni

Ndugu msomaji, ukifika Masasi au Newala katika majira ya korosho, kuanzia mwezi wa Oktoba hivi, utasikia neno moja midomoni mwa watu kuliko mengine yote, nalo ni kilo. Mkulima aliyepalilia mikorosho yake, akaipulizia salfa, akaokota korosho moja moja chini ya mti na kuzianika juani, hatimaye husimama mbele ya mizani ya chama cha msingi, na macho yake yote huwa juu ya kipimo. Jasho la mwaka mzima limegeuka tarakimu. Mizani ikiwa ya haki, naye amepata haki yake. Ikiwa imepindishwa, ameibiwa bila kuguswa mfuko.

Ndiyo maana watu wa Kusini hawana haja ya kufundishwa ubaya wa kangomba, ule ununuzi wa korosho wa vichochoroni, ambao mara nyingi hufanywa kwa kopo au bakuli badala ya mizani. Na ndiyo maana mizani ya biashara haiachiwi ijisemee yenyewe: Wakala wa Vipimo hupaswa kuikagua na kuipiga chapa.

Leo tunataka kukuonyesha kwamba swali la mkulima wa Newala, "Je, mizani hii inasema kweli?", ndilo linalowakosesha usingizi maelfu ya wataalamu wa fizikia duniani. Wao hupima vipande vya protoni zilizogonganishwa kwa kasi ya ajabu. Lakini hofu yao ni ile ile, na dawa yake, kama utakavyoona, ni ile ile pia.

PROTONI NI NINI?

Kila kitu unachokigusa, kuanzia jembe hadi sufuria ya uji wa mtoto, kimeundwa kwa atomu. Katikati ya kila atomu kuna kiini, na ndani ya kiini mna protoni. Zamani ilidhaniwa kuwa protoni ndio mwisho wa safari, kwamba haina kitu ndani yake. Sasa twajua kuwa ndani yake mna kwaki tatu, zilizoshikamanishwa na chembe nyingine ziitwazo gluoni, jina lililotokana na neno la Kiingereza lenye maana ya gundi.

Ili kuchungulia ndani ya kitu kidogo hivyo hakuna darubini itoshayo. Njia iliyobaki ni ya mtoto mtundu: kuvigonganisha viwili na kutazama kinachoruka. Shirika la Ulaya la utafiti wa nyuklia, lijulikanalo kwa kifupi kama CERN, liliundwa mwaka 1954 na makao yake yako karibu na Geneva. Huko, kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa, limechimbwa handaki la mviringo lenye mzunguko wa kilomita 27, wastani wa mita 100 chini ya ardhi. Ndani ya mtambo uliomo humo, protoni huzungushwa zaidi ya mara 11,000 kwa sekunde moja, kundi moja likienda kulia na jingine kushoto, kisha zikakutanishwa uso kwa uso. Mwaka 2015 migongano hiyo ilifikia nishati ya elektronivolti trilioni 13, na mwaka 2022 ikafikia trilioni 13.6.

Tarakimu hizo zisikutishe. Elektronivolti trilioni moja ni sawa na nishati ya mbu mmoja arukaye chumbani. Ajabu yake ni kwamba nishati ya mbu zaidi ya kumi imeshindiliwa mahali padogo mara milioni milioni kuliko mbu mmoja.

MFOKO WA CHEMBE

Protoni mbili zikikutana hivyo, mara chache hutokea kwaki au gluoni ya upande mmoja ikaigonga barabara ile ya upande wa pili. Iliyogongwa huruka kando kwa nguvu. Ungetazamia basi kuiona ikipita kwenye vyombo. Lakini hakuna aliyewahi kuiona kwaki ikitembea peke yake.

Sababu yake aweza kuieleza mtoto mwenye manati. Uvute mpira wa manati: kadiri unavyourefusha, ndivyo nishati inavyojaa ndani yake, hata unakatika. Ukikatika, hupati ncha iliyobaki peke yake bila mpira. Unapata vipande viwili, na kila kimoja kina ncha zake mbili. Ndivyo ilivyo nguvu ishikayo kwaki. Kwaki iliyogongwa inapokimbia, kifungo chake hurefuka na kukatika, na nishati iliyokuwamo huzaa kwaki mpya. Nazo hushikana na nyingine mara hiyo hiyo. Mwisho wa yote, kwaki moja iliyotoka mbio imegeuka msafara wa chembe kadhaa, pengine makumi, zinazokwenda upande mmoja.

Msafara huo wataalamu huuita jeti. Kwa kuwa sisi tumekwisha kulipa neno hilo kazi ya kutaja ndege, katika makala haya tutauita mfoko, kama maji yafokavyo kutoka kwenye bomba lililopasuka. Dalili zake za kwanza zilionekana mwaka 1975 huko Stanford, California, katika migongano ya elektroni na positroni. Mwaka 1979, mjini Hamburg, ilionekana mifoko mitatu kwa pamoja, na mmoja wao ulikuwa ushahidi wa kuwapo kwa gluoni. Mwaka 1982 CERN ikaonyesha mifoko iliyo wazi kabisa katika migongano ya protoni na antiprotoni.

Jambo kubwa ni hili: mfoko hubeba habari za kwaki isiyoonekana. Ukijua nishati ya mfoko na upande ulikoelekea, umejua kwa karibu sana nishati ya kwaki na upande wake. Hivyo kazi yote yarudi kwenye kupima na kuhesabu: ni mifoko mingapi hutoka, na kila mmoja una nishati kiasi gani?

GUNIA, TAKATAKA NA JIWE LA MIZANI

Chombo kiitwacho ATLAS, kimoja kati ya vikubwa vinavyopima mifoko hiyo, kina urefu wa mita 46, kimo cha mita 25 na uzito wa tani 7,000. Lakini ukubwa hauleti haki. Hata mizani kubwa yaweza kusema uongo. Wataalamu hupitia hatua ambazo karani yeyote wa ghala la korosho angezitambua.

Hatua ya kwanza ni kukubaliana ni nini kinachopimwa. Je, chembe iliyoruka pembeni kidogo ni ya mfoko huu au ya jirani yake? Kila mtu akiamua kwa jicho lake, hesabu hazitalingana kamwe. Mwaka 1990, katika mkutano uliofanyika Snowmass, Marekani, wanaopima na wanaokokotoa nadharia walikubaliana namna moja ya kuutambua mfoko. Mwaka 2008 wataalamu watatu, Matteo Cacciari, Gavin Salam na Gregory Soyez, walitoa kanuni bora zaidi, na hiyo ndiyo iliyokuja kutumiwa na karibu kila mtafiti wa mtambo wa Geneva. Kanuni huwekwa kabla ya kupima, kama vile daraja la korosho lisivyopangwa baada ya kumtazama mwenye gunia usoni.

Hatua ya pili ni kuondoa kisichohusika. Makundi ya protoni hupishana hadi mara milioni 40 kwa sekunde, na kila yapishanapo, migongano mingine makumi hutokea kwa wakati mmoja na kumwaga chembe zake juu ya mfoko unaopimwa. Nishati hiyo ya wageni lazima ikadiriwe na kutolewa, kama vile uzito wa gunia tupu, mchanga na majani unavyotolewa ili ibaki korosho yenyewe.

Hatua ya tatu ndiyo roho ya kazi: kuilinganisha mizani na jiwe linaloaminika. Hapa maumbile yenyewe yamewapa wataalamu jiwe. Mara nyingine mgongano hutoa mfoko upande mmoja, na upande wa pili ikatoka chembe moja ya mwanga, yaani fotoni. Kwa kuwa protoni zilikutana zikiwa zimenyooka, msukumo wa kulia lazima ulingane na wa kushoto. Fotoni hupimika kwa usahihi mkubwa. Basi huwekwa kama jiwe kwenye sahani moja ya mizani, na mfoko kwenye sahani ya pili. Mfoko ukisoma pungufu, kipimo husahihishwa. Kwa njia hii na nyingine za kukaguana, nishati ya mifoko mingi imepimwa kwa shaka isiyozidi sana asilimia moja.

KOSA DOGO UKINGONI MWA MTEREMKO

Yamkini utauliza: asilimia moja ni kitu gani hata watu wazima wakeshe kwa ajili yake? Jibu liko pale Newala, ukingoni, mahali paitwapo Shimo la Mungu, ambapo uwanda wa Makonde hukatika ghafla na bonde kuenea chini kuelekea mto Ruvuma. Ukiwa katikati ya uwanda, hatua moja haikubadilishii kitu. Ukiwa ukingoni, hatua hiyo hiyo ni jambo jingine kabisa.

Hesabu ya mifoko nayo ni mteremko mkali. Mifoko midogo ni mingi mno, mikubwa ni adimu. Kwa makadirio mepesi, ukiongeza nishati mara mbili, idadi hupungua mara 30 hivi. Sasa tuseme kuna mifoko 1,000 inayovuka kiwango fulani cha nishati. Mizani yako ikizidisha kwa asilimia moja tu, mingi iliyokuwa chini kidogo ya kiwango itaonekana imevuka, nawe utahesabu kama 1,050. Kosa la moja limezaa kosa la tano. Na huko juu kabisa, kwenye mifoko mikubwa ambako ndiko ugunduzi hutazamiwa, mteremko ni mkali zaidi na kosa hukua zaidi.

Mzazi, waweza kuwaonyesha watoto jambo hili uani bila gharama. Chukueni mabonge kadhaa ya udongo mkavu, muyaangushe mahali pagumu hadi yavunjike. Kateni kijiti chenye urefu wa korosho, mhesabu vipande vyote vinavyokizidi. Halafu punguzeni kijiti kidogo tu, mhesabu tena. Mtaona hesabu imepanda kuliko kijiti kilivyopungua. Mtoto aliyeliona hilo kwa macho yake amekwisha kuelewa kwa nini kipimo kilichopinda kidogo kwaweza kumletea mtu hasara kubwa, iwe shambani au maabara.

MIZANI NA DAFTARI VILIPOGOMBANA

Mwaka 1996 suala hili lilitikisa ulimwengu wa fizikia. Katika maabara ya Fermilab, karibu na Chicago, watafiti wa chombo kiitwacho CDF walikuwa wamehesabu mifoko kutoka migongano ya protoni na antiprotoni yenye nishati ya elektronivolti trilioni 1.8. Hadi elektronivolti bilioni 200 hivi, hesabu ililingana na nadharia. Juu ya hapo, mifoko ilikuwa mingi kuliko ilivyotazamiwa.

Ili kuona uzito wa habari hiyo, kumbuka kwamba mwaka 1911 Ernest Rutherford alitambua kuwapo kwa kiini cha atomu kwa sababu chembe zilizorushwa kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu zilirudi nyuma kuliko ilivyotazamiwa. Kitu kigumu kilikuwa kimejificha ndani. Basi mifoko ya ziada ya Fermilab ilileta swali la kushtua: je, kwaki nayo ina kitu ndani yake?

Wenye pupa wangepiga mbiu. Kazi iliyofuata ilikuwa ya subira. Mizani ilikaguliwa, na haikuonekana kosa la kutosha kueleza ziada ile. Kisha likafunguliwa daftari, yaani nadharia yenyewe. Ili kutabiri idadi ya mifoko, lazima ujue gluoni ndani ya protoni hubeba sehemu gani ya nishati yake. Ikagunduliwa kwamba kwa gluoni zile zibebazo fungu kubwa, hesabu zilizokuwa zikitumika hazikuwa thabiti. Zikiongezwa, bila kupingana na vipimo vingine, ziada ile yaweza kuelezwa. Mwaka 1999 chombo cha pili cha maabara hiyo hiyo, kiitwacho DØ, kilitoa vipimo vyake, navyo vililingana na nadharia. Kwaki ikabaki bila cha ndani.

Funzo lake lafaa kuandikwa juu ya mlango wa kila ghala. Mizani na daftari vikipishana, usimkamate mtu kabla ya kuvikagua vyote viwili.

FAIDA YAKE NI IPI?

Tangu mtambo wa Geneva uanze kugonganisha protoni kwa nishati ya trilioni 7 mwaka 2010, mifoko imehesabiwa kuanzia ile iliyo tele hadi ile iliyo adimu mara zaidi ya bilioni moja, na nadharia imesimama imara. Vipimo hivyo vimethibitisha jambo lililogunduliwa mwaka 1973 na David Gross, Frank Wilczek na David Politzer, na lililowapa tuzo ya Nobel mwaka 2004: kwamba nguvu ishikayo kwaki hulegea kadiri kwaki zinavyokaribiana, na nishati ya mgongano ikipanda.

Tena bila kuijua mifoko vema, mengine hayaonekani. Chembe ya Higgs ilitangazwa tarehe 4 Julai 2012. Zaidi ya nusu ya chembe hizo huvunjika na kuwa kwaki za aina moja zinazotoa mifoko. Lakini njia hiyo, iliyo ya kawaida kuliko zote, ilithibitishwa mwaka 2018 tu. Kwa nini? Kwa sababu mifoko ya kila siku ilikuwa imeifunika kama magugu yafunikavyo mche wa mhogo. Asiyeyajua magugu hawezi kupalilia.

Wala usidhani haya ni ya Ulaya peke yake. Mwaka 1912 Victor Hess, akipaa kwa puto, aligundua kuwa kuna mionzi inayotoka angani. Sehemu kubwa ya mionzi hiyo ni protoni. Usiku na mchana hupiga hewa juu ya milima ya mawe ya Masasi na juu ya mikorosho ya Newala, na kila pigo kali huzaa manyunyu ya chembe yashukayo hadi ardhini. Katika kiganja chako kilichofunguliwa hupita takriban chembe moja ya aina hiyo kila sekunde. Hesabu zinazofanywa Geneva huwasaidia wataalamu kuyasoma manyunyu hayo. Protoni hazikungoja handaki ili zigongane.

NAFASI YA WATOTO WETU

Waafrika wamo katika kazi hii. Vyuo vikuu vya Afrika Kusini na Morocco vimo katika ushirika wa ATLAS. Mwaka 2010 ilianzishwa Shule ya Fizikia ya Afrika, na mmoja wa waasisi wake ni Ketevi Assamagan, mtaalamu wa chembe mwenye asili ya Togo. Shule hiyo hukusanya wanafunzi wa bara letu kila baada ya muda katika nchi tofauti. Mwaka 2016 ilifanyika Kigali. Mjini Kigali pia, tangu mwaka 2018, kimekuwapo kituo cha utafiti wa fizikia cha Afrika Mashariki chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda, kikishirikiana na kituo cha kimataifa cha Trieste kilichoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964. Na tangu mwaka 2014 CERN imekuwa ikitoa sehemu ya kumbukumbu za migongano yake bure kwa yeyote mwenye kompyuta na mtandao.

Mlango basi uko wazi, lakini kizingiti chake ni kirefu kwa mtoto wa kijijini. Hawezi kukivuka bila mwalimu wa fizikia, bila maabara, na bila hesabu aliyoizoea tangu angali mdogo. Kwa binti anayeamka alfajiri kuteremka bondeni kutafuta maji, kizingiti hicho ni kirefu zaidi, kwa kuwa saa za kusoma zimekwisha kuchukuliwa na ndoo.

Lakini mwanzo wa sayansi hii ni tabia, na tabia hiyo tayari iko uwandani. Mkulima anayeomba mizani irudishwe kwenye sifuri kabla gunia lake halijapandishwa, anayeuliza gunia tupu limetolewa kilo ngapi, na asiyetia sahihi kabla hajalinganisha kipimo na daftari, anafanya kile kile wanachofanya watafiti wa Geneva. Msimu ujao, ndugu msomaji, uendapo kupima korosho, mchukue mwanao. Mwache asome kipimo yeye kwanza, kwa sauti, na aandike. Akikuuliza, "Tutajuaje kama mizani hii ni sawa?", usimkemee. Mjibu, na kama huna jibu, mwulizeni karani pamoja.